Jinsi ya Kushindwa Kesi CMA: Mwongozo kwa Bosi, Mfanyakazi, Mwamuzi na Shahidi

Mavuno yakikolea Ufipa, Sumbawanga haikosi kazi. Mahindi yanaingia mjini kutoka Laela, Matai na Namanyere, kisha yanatoka kwa malori kuelekea Tunduma, na kila mwenye ghala anatafuta mikono. Wanahitajika wapakiaji, washona magunia, waendesha mashine za kukoboa, matingo, na walinzi wanaovaa makoti mawili kwa baridi ya Julai. Msimu ukiisha wanabaki wahudumu wa gesti, walimu wa shule binafsi, wauza mafuta na dada wa kazi. Wengi wao waliajiriwa kwa maneno matano: "Njoo kesho asubuhi uanze kazi." Wengi huachishwa kwa mawili: "Kesho usije."

Hapo ndipo inaposikika kauli ambayo sasa kila mtu anaijua: "Tutaonana CMA." Bosi anacheka kwa sababu anamjua mtu. Mfanyakazi anatamba kwa sababu anajua kadhulumiwa, na anaamini ukweli utajisemea wenyewe. Wote wawili wamekosea, na kosa hilo linawagharimu watu mishahara, biashara na heshima. Ndiyo maana ninaandika.

Mwongozo huu nimeugeuza juu chini kwa makusudi: unafundisha kushindwa. Njia za kushindwa ni chache, zinajulikana, na zinapitwa na watu kila mwaka. Ukizifuata hatua hizi kama zilivyo, utashindwa kweli. Ukitaka kushinda, geuza kila hatua.

Kwanza, fahamu mahali pa kushindwa

CMA ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Imeundwa na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, na inatumia zaidi Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka huohuo. Ilianza kupokea migogoro mwaka 2007. Makamishna wake wanatoka pande tatu: Serikali, waajiri na wafanyakazi. Kufungua mgogoro hakulipiwi ada. Mgogoro huanzia kwa msuluhishi, ambaye amepewa siku 30 za kuwapatanisha. Akishindwa, unakwenda kwa mwamuzi, anayesikiliza ushahidi na kutoa tuzo. Asiyeridhika ana wiki sita za kuomba marejeo Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake hapahapa Sumbawanga. Kutoka hapo, Mahakama ya Rufani inasikiliza hoja za kisheria tu.

Wazee waliofanya kazi kabla ya hapo wanakumbuka utaratibu mwingine. Chini ya sheria ya ulinzi wa ajira ya 1964, malalamiko ya kufukuzwa yalikwenda kwenye mabaraza ya usuluhishi, na neno la mwisho lilikuwa la Waziri wa Kazi. Sheria ilitamka kwamba uamuzi wake umekata shauri. Mtu wa Sumbawanga alingoja barua kutoka Dar es Salaam, na aliyetaka kujua kilichoamua kesi yake alipaswa kujua kilichokuwa kichwani mwa waziri.

Kuna nchi ambako hali hiyo ya kutazama juu inaendelea kwa sura nyingine. Marekani ina bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi tangu 1935, yenye viti vitano, na wajumbe wake huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti. Chama kinachotawala kikibadilika, mwelekeo wa maamuzi hubadilika nacho. Januari 2025, viti vingine vikiwa tayari wazi, Rais Trump alimwondoa mjumbe mmoja, wakabaki wawili, na bodi ikakosa akidi. Huko, anayetaka kujua hatma ya mgogoro wake anasoma kwanza matokeo ya uchaguzi.

Kwa mshona magunia wa Sumbawanga, upepo wa siasa una nafasi ndogo. Kesi yake inaamuliwa na vitu vinavyowekwa mezani: tarehe, karatasi, fomu, kiapo na kinywa cha shahidi. Karibu vyote vinapatikana au kupotea kabla hajafika mlango wa CMA. Kwa hiyo tuzo inaanza kuandikwa ghalani, siku ya kuajiri, na inamalizika kuandikwa siku ya kufukuza. Mwamuzi anakuja baadaye kuisoma kwa sauti.

Sehemu ya kwanza: Bosi anayetaka kushindwa

Hatua ya 1. Usiandike chochote. Mkataba wa maandishi una gharama ya karatasi moja na dakika kumi, kwa hiyo uache. Waambie watu wako ni vibarua tu, hata kama wamekaa miaka mitatu. Siku ya shauri, mlalamikaji atasema mlikubaliana shilingi fulani kwa mwezi. Wewe utasema hapana, na utakuwa umefika mahali pazuri pa kushindwa, kwa sababu kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira kinasema mwajiri asipoleta maelezo ya maandishi ya ajira, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa ni wake. Ukimya wa karatasi yako unamsemea mwenzako.

Na usitegemee neno "kibarua". Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya saba. Je, unampangia namna ya kufanya kazi? Unampangia saa? Ni sehemu ya shughuli yako? Amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Anakutegemea wewe kuishi? Unampa vifaa? Hafanyi kazi kwa mtu mwingine? Mtazame kijana anayeshona magunia ghalani kwako. Sindano ni yako, uzi ni wako, saa ya kufungua geti unaipanga wewe, na jina lake liko kwenye kaunta buku iliyo juu ya mizani, limeandikwa kwa mkono wako, pamoja na idadi ya magunia na alama ya tiki kila Jumamosi alipolipwa. Daftari hilo unaliona la hesabu. Mwamuzi ataliona kuwa mkataba.

Hatua ya 2. Fukuza ukiwa na hasira, kwa simu ikiwezekana. Gunia limepotea, au mlinzi amekutwa amelala. Mpigie, mtukane, mwambie asikanyage tena. Umeokoa muda mwingi, kwa sababu sheria ingekutaka mambo mawili kwa pamoja: sababu halali na ya haki, na utaratibu wa haki. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Ajira kinaweka mzigo wa kuthibitisha yote mawili mabegani mwa mwajiri. Mfanyakazi akishaonyesha kwamba aliachishwa, kazi ya kueleza ni yako.

Kanuni za Utendaji Bora, zilizo kwenye Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zimeonyesha njia hatua kwa hatua. Chunguza kwanza. Mpe barua ya tuhuma kwa lugha anayoielewa. Mpe muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida usipungue saa 48. Mruhusu aje na mwenzake au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Msikilize, kisha msikilize tena kuhusu adhabu, kwa kuwa amekutumikia muda gani na ana rekodi gani ni mambo yanayopimwa. Mpe uamuzi wenye sababu, na umweleze haki ya rufaa. Mwizi wa kweli hufukuzwa kwa njia hii na bosi hulala salama. Mwizi huyohuyo akifukuzwa kwa simu, bosi anaweza kumlipa fidia, na hilo huwaumiza mabosi wengi kuliko gunia lenyewe.

Hatua ya 3. Kuwa wewe mlalamikaji, wewe shahidi, wewe mwenyekiti. Kikao cha nidhamu ukikifanya, kiendeshe mwenyewe, uwe umekwishaandika barua ya kufukuza kabla hakijaanza, na tarehe za barua zionyeshe hivyo. Kanuni zinataka mwenyekiti awe mtu wa ngazi ya kutosha asiyehusika na tukio. Mwenye duka la watu wanne anaweza kumtafuta mtu mwingine wa kuaminika aongoze. Asiyetaka kumtafuta ameshachagua upande wa kushindwa.

Hatua ya 4. Samansi ya CMA itupe droo. Mwamuzi hakuandikii ili uje kunywa naye chai. Kifungu cha 87 kinaruhusu shauri kuamuliwa bila wewe ukiitwa usitokee. Wapo wanaoamini kwamba kutokwenda ni kuonyesha ukubwa. Ukubwa huo huishia kwenye ombi la kutengua tuzo, ambamo unaanza kwa kueleza ulikuwa wapi.

Hatua ya 5. Msahau huyu mtu alikotoka. Dereva ulimchukua Mbeya, mwalimu ulimtoa Kilimanjaro. Ukiachana naye, mwache Sumbawanga na begi lake. Kifungu cha 43 kinamdai mwajiri amsafirishe mpaka mahali alikoajiriwa au amlipe nauli, na amlipe posho ya kujikimu kwa siku zilizo kati ya kuachishwa na kusafirishwa. Kutoka kwenye uwanda huu mpaka Moshi si nauli ya bajaji. Siku zinapojumlishwa, posho inaweza kuipita nauli.

Bei ya hatua hizi tano iko kwenye kifungu cha 40. Mwamuzi anaweza kuamuru mfanyakazi arudishwe kazini na alipwe mishahara ya muda wote aliokuwa nje, au aajiriwe upya, au alipwe fidia. Sheria ya 2004 ilipotungwa iliweka fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Baadaye, katika shauri lililosikilizwa Bukoba, Mahakama ya Rufani ilikubali fidia ndogo zaidi pale ambapo sababu ilikuwa ya kweli na kosa lilikuwa la utaratibu peke yake. Juu ya fidia kuna notisi, likizo isiyochukuliwa, cheti cha utumishi, na kiinua mgongo cha mishahara ya siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi.

Sehemu ya pili: Mfanyakazi anayetaka kushindwa

Hatua ya 1. Ngoja. Hii ndiyo hatua yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayoniuma zaidi. Kanuni za usuluhishi na uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007, zimetoa siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine. Siku zinahesabiwa tangu uachishwe, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Jumapili imo, sikukuu imo, na siku ya msiba imo.

Sisi wa Ufipa tunapenda kumaliza mambo kwa staha, na hilo ni jema. Basi mtu akifukuzwa anamwendea kwanza mjomba anayemfahamu bosi. Mjomba anasema, "Tulia mwanangu, nitaongea naye." Wiki inapita. Anakwenda kwa mtendaji wa kata, naye anaahidi kumwita bosi. Wiki ya pili. Anamwona katekista, anayeahidi kumfikishia paroko. Wiki ya tatu. Mahindi ya nyumbani Muze yanaiva, anashuka bondeni kuvuna. Akipanda tena, siku ya 30 imeshapita, na mdhulumiwa amegeuka kuwa mchelewaji. Mazungumzo hayo yote ni ya heri, ila hayasimamishi kalenda. Fungua mgogoro kwanza, kisha mjomba aendelee kuongea. Msuluhishi atafurahi mkimletea makubaliano.

Aliyechelewa anaweza kuomba muda uongezwe kwa sababu ya msingi. Lakini kipimo ni kikali. Tangu shauri la Lyamuya Construction, mahakama zetu zinauliza kama kila siku ya kuchelewa imeelezwa, kama ucheleweshaji si wa kupindukia, na kama mwombaji alikuwa na bidii. Cheti cha hospitali kinaongea. "Nilikuwa nasikilizia" haiongei.

Hatua ya 2. Nenda kila ofisi isipokuwa yenyewe. Anza polisi, pita kwa mkuu wa wilaya, malizia kwa Afisa Kazi. Afisa Kazi ana kazi kubwa ya kukagua maeneo ya kazi na kusimamia sheria, lakini hatoi tuzo ya kuachishwa kazi.

Kuna pia wanaokwenda CMA ilhali mlango wao uko kwingine. Askari wa JWTZ, Polisi, Magereza na JKT hawamo kwenye Sheria ya Ajira. Mtumishi wa umma, kwa marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, anatakiwa amalize kwanza njia za utumishi wa umma, na Mahakama ya Rufani imeshasema wazi kwamba CMA haina mamlaka juu yake. Kwa hiyo walimu wawili wanaweza kupanga nyumba moja Kizwite, wakafukuzwa wiki moja, na wakahitaji njia mbili tofauti: wa shule binafsi anakwenda CMA, wa shule ya Serikali anafuata ngazi za utumishi. Anayepoteza mwaka kwenye mlango usio wake anaambiwa mwishoni kwamba hakuna kilichosikilizwa.

Hatua ya 3. Fomu ijaze ukiwa umesimama. Mgogoro unafunguliwa kwa CMA F1. Ni fomu ya kawaida, ya visanduku na mistari, na watu huichukulia kama fomu ya kuandikisha laini ya simu. Chukua kalamu ya jirani uijaze kwenye goti. Kwenye jina la mwajiri andika jina analoitwa sokoni, wakati ghala limesajiliwa kama kampuni. Mahali pa tarehe mgogoro ulipoanza, kisia. Kwenye aina ya mgogoro weka alama kila kisanduku, usikose hata kimoja. Sehemu B, iliyowekwa kwa ajili ya kuachishwa kazi peke yake, ijaze hata kama unadai malimbikizo ya mshahara ukiwa bado kazini. Kwenye madai andika "haki zangu zote" bila kiasi.

Fomu hiyo ndiyo msingi wa shauri, na mtu anafungwa na alichokiandika. Mwamuzi hawezi kukupa usichokiomba, na tarehe uliyoikisia ndiyo itakayohesabiwa siku 30 zako. Kaa chini. Uliza karani, uliza kiongozi wa chama cha wafanyakazi, iwe TUICO, CHODAWU au kingine kinachokuhusu. Sheria inakuruhusu kuwakilishwa na mwanachama au kiongozi wa chama, wakili, au mtu uliyemchagua mwenyewe. Huhitaji utajiri kupata mtu wa kusoma fomu pamoja nawe.

Hatua ya 4. Njoo na uchungu peke yake. Futa ujumbe wa simu ili kupata nafasi ya picha. Karatasi za malipo washia jiko. Bosi alikutumia mshahara kwa simu kila tarehe 30, akakuandikia "fungua ghala mapema, lori linakuja", na mwisho akakuandikia "nimepata mtu mwingine". Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imeupa ujumbe kama huo nafasi katika ushahidi, nawe umeufuta. Taarifa ya michango ya NSSF, kitambulisho cha geti, sare yenye jina la kampuni, picha ya daftari la zamu: hivi vyote ni vinywa. Machozi ya kweli yanamgusa mwamuzi kama binadamu, lakini hayawezi kuandikwa kwenye tuzo kama kielelezo.

Hatua ya 5. Saini kisha usome. Usuluhishi una mvuto wake: mnakaa chumba kimoja, bosi anatoa bahasha, na njaa inakubembeleza. Makubaliano mazuri yanayofikiwa hapo ni ushindi wa kweli, kwani yanaokoa miezi. Ila yakisainiwa yanafunga. Aliyekubali nusu mshahara kuwa "malipo yote ya mwisho" hawezi kurudi wiki ijayo kudai likizo. Soma mstari kwa mstari. Usipoelewa, omba usomewe.

Na kabla hujafungua lolote, hesabu muda wako wa kazi. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo halindwi na vifungu vya kuachishwa isivyo haki. Bado anaweza kudai mshahara alioufanyia kazi na masharti ya mkataba wake, ila adai hilo hasa, kwenye kisanduku chake.

Sehemu ya tatu: Mwamuzi anayetaka tuzo yake ifutwe

Mwamuzi naye ana njia zake za kushindwa, na zinapotokea anayeumia ni aliyeshinda. Ninamheshimu mtu anayekaa siku nzima kusikiliza watu waliochukiana, kwa hiyo namwandikia kwa adabu na bila kuzunguka.

Hatua ya 1. Waache mashahidi waongee bila kiapo. Kanuni za Tangazo la Serikali Na. 67 la 2007 zinamtaka mwamuzi amwapishe shahidi kabla ya ushahidi wake. Katika shauri la Chuo Kikuu cha CUHAS cha Mwanza, Mahakama ya Rufani ilikuta mashahidi hawakuapishwa, na ikafuta mwenendo mzima pamoja na tuzo. Ushahidi ulikuwa umetolewa, watu walikuwa wamehojiwa, na vyote vikahesabiwa kuwa si kitu.

Hatua ya 2. Usisaini. Katika shauri la Iringa International School, tatizo lilikuwa kwamba mwamuzi hakuweka saini yake mwishoni mwa ushahidi wa kila shahidi. Mahakama iliuliza swali la haki kabisa: tutajuaje kwamba maneno haya ndiyo yaliyosemwa? Saini ni ya sekunde tatu. Isipokuwepo, mama aliyeshinda kesi anarudi kuanza moja, akiwa ameshauza mbuzi kwa ajili ya nauli za safari ya kwanza.

Hatua ya 3. Toa jibu bila sababu. Andika tu kwamba umeridhika au hujaridhika. Waliokuja mbele yako wana haki ya kuona njia uliyopita kutoka kwenye ushahidi mpaka kwenye kiasi cha fidia, na Mahakama Kuu ikiletewa marejeo itakutafuta hapohapo.

Hatua ya 4. Chelewa. Sheria inataka tuzo ndani ya siku 30 baada ya kusikiliza. Kwa aliyefukuzwa, kila mwezi wa kungoja ni kodi ya chumba isiyolipwa. Wengi hukata tamaa na kurudi Kirando kuvua, na shauri linafutwa kwa kutohudhuria.

Hatua ya 5. Mkaribishe mtu wa pembeni. Bosi anaamini anamjua mtu, mfanyakazi anaamini bosi anamjua mtu, na imani hizo mbili zinaichafua Tume hata pale ambapo hakuna kilichofanyika. Waamuzi wana kanuni zao za maadili, na kifungu cha 91 kinaifungulia Mahakama Kuu njia ya kutengua tuzo iliyopatikana isivyo halali au iliyotolewa na mwamuzi aliyekiuka maadili. Anayenunua tuzo ananunua kitu kinachoweza kunyang'anywa, na TAKUKURU ina ofisi mkoani. Dawa ya uvumi huu ni mwamuzi kuonekana: awape pande zote nafasi sawa, asikutane na mmoja faraghani, aandike sababu zinazosomeka.

Sehemu ya nne: Shahidi anayetaka haki ife

Amebaki mmoja, na uzito wake haulingani na nafasi anayopewa kwenye mazungumzo ya mtaani. Ni mwenzako wa kazini, aliyekuwepo bosi aliposema "kesho usije". Ni karani wa mizani aliyeona gunia halikupotea, lilihesabiwa vibaya. Ni mpishi wa gesti anayejua mhudumu alifukuzwa kwa sababu alikataa matakwa ya meneja, na hakuna fedha iliyoibwa.

Hatua yake ni moja: nyamaza. Sema una watoto, sema hutaki makuu, sema hukuwa makini siku hiyo. Ukifanya hivyo, mwamuzi atabaki na neno la mmoja dhidi ya la mwingine, na mwenye makaratasi ndiye atakayeaminiwa. Shauri la kazi hupimwa kwa mizani ya uwezekano: upande upi unaelekea zaidi kuwa wa kweli. Mtu mmoja aliyeapa na kusema alichokiona anatosha kuiinamisha mizani hiyo.

Naijua hofu yake. Mji ni mdogo, kazi ni chache, na mwenye ghala leo ni mwenye shule kesho. Hofu hiyo ina msingi, na sheria imejaribu kuipunguza: kumfukuza mtu kwa kutumia haki yake ya kisheria, au kwa kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, si sababu ya haki mbele ya mwamuzi. Ila kifungu hakimsindikizi mtu njiani. Wanaoweza kumsindikiza ni wenzake. Wapakiaji watatu wakienda pamoja kutoa ushahidi, bosi hawezi kuwaogopesha kama anavyomwogopesha mmoja, na tawi la chama lenye uhai ghalani linamfanya bosi aandike mikataba kabla hajaambiwa.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni yetu sote tulio juu ya uwanda huu. Mwenye ghala abandike ukutani saa za kazi, kiwango cha mshahara na utaratibu wa nidhamu, na ampe kila mtu nakala ya mkataba wake kabla gunia la kwanza halijashonwa. Mapadre na mashehe wakitangaza misiba na ndoa, watangaze pia siku 30. Redio za mkoani ziisome CMA F1 hewani, kisanduku kwa kisanduku, mwanzoni mwa msimu. Na wewe uliyekuwepo, uliyeona, ukiitwa na mwamuzi nenda, uape, useme.